SOMO LA ROBO HII: KOCHA WA MWANETU ANA CHAMA CHAKE, TUFANYE NINI?



Katika toleo hili tumeona vema kuweka somo ambalo limeombwa na kamati tatu kwa nyakati tofauti. Swali lenyewe ni hili: mtoto wetu anafundishwa mpira na mtu ambaye hatukubaliani naye kabisa katika siasa. Je, tumwondoe mtoto? Tumwondoe kocha? Au tunyamaze? Tutajifunza kwa kutumia yaliyotokea Kerende, wilayani Tarime, ambako mradi wetu wa michezo kwa watoto umetufundisha mengi, mengine kwa aibu.

Malengo ya somo

Baada ya somo hili, mwanakamati aweze:
1. Kueleza tofauti kati ya kocha mwenye msimamo wa siasa na kocha anayeitumia timu kwa siasa.
2. Kumsaidia mzazi kuzungumza na kocha bila kuvunja timu.
3. Kuandaa makubaliano mafupi ya timu kabla ya msimu wa kampeni kuanza.

Kisa cha Kerende

Timu ya watoto wa chini ya miaka 14 ilikuwa inafanya mazoezi siku tatu kwa wiki, jioni baada ya shule. Kocha alikuwa kijana wa kijijini, anayejitolea bila posho. Alikuwa pia mwanachama hodari wa chama kimoja cha siasa, na kila mtu alijua. Hatutataja chama hicho, maana kisa hiki kingeweza kutokea kwa chama chochote.

Siku moja mtoto mmoja alirudi nyumbani akamwambia baba yake, "Mwalimu amesema watu wanaoutetea mgodi wamenunuliwa." Baba yule alikuwa na kibarua kwa mkandarasi wa mgodi, naye ni wa chama kingine. Chakula kilimshinda jioni ile. Kesho yake hakwenda kwa kocha. Alikwenda kijiweni, akatangaza kwamba mwanawe hatakanyaga tena uwanja ule. Wazazi wengine wawili wakafuata mfano wake.

Baada ya majuma mawili mama wa mtoto alikuja ofisini kwetu. Hakukaa kitini. Alisema, "Ninyi mnabishana vyama, mwanangu jioni yuko na wenzake kwenye mawe, na kiroba mkononi."

Wasomaji wetu wa mbali huenda wasielewe uzito wa maneno hayo. Kuzunguka mgodi wa North Mara kuna vilima vya vifusi vya mawe. Watu huingia bila ruhusa kutafuta mawe yenye chembe za dhahabu, na wengine wamepoteza viungo au maisha. Tarehe 16 Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi katika tukio la uvamizi mgodini hapo. Tulipoanzisha timu, moja ya sababu tulizowaandikia wafadhili ilikuwa kwamba saa za jioni ndizo saa za hatari, na mtoto mwenye mazoezi saa kumi na moja ana mahali pa kuwa. Kwa hiyo ugomvi wa watu wazima wawili ulikuwa umemtoa mtoto mahali salama na kumrudisha mahali tulipokuwa tunamkimbiza.

Kwa nini siasa ya hapa ni nzito

Ikumbukwe kwamba Kerende siasa haikai kwenye kadi ya chama peke yake. Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 2002. Tangu mwaka 2006 umekuwa chini ya Barrick au kampuni tanzu zake, na baada ya makubaliano yaliyofuatia mwaka 2019 Serikali ina hisa ya asilimia 16. Mwezi Mei 2009 maji ya mgodi yenye sumu yalivuja na kuingia Mto Tigithe. Kuna familia zilizolipwa fidia zikajenga, kuna zilizolipwa zikaona si haki, na kuna zilizotuhumiwa kwa "tegesha", yaani kujenga au kupanda haraka ili kupata fidia kubwa. Hali kadhalika kuna vijana walioajiriwa, shule zilizojengwa na maji yaliyoletwa kwa fedha za mgodi. Mtu anayesema mgodi ni neema na anayesema ni balaa wanaweza kuwa ndugu wa nyumba moja, kila mmoja akisema yale aliyoyaona kwa macho yake.

Kocha wetu alikuwa na shamba la ukoo ambalo, kwa maelezo yake, lilithaminiwa kwa bei ndogo. Baba wa mtoto alikuwa na ada za watoto wanne zilizotoka kwenye kibarua kile. Hakuna aliyekuwa mwongo.

Tazameni pia kiti cha ubunge. Mwaka 2005 Tarime ilimchagua Chacha Wangwe wa CHADEMA. Alipofariki kwa ajali ya gari mwezi Julai 2008, uchaguzi mdogo wa Oktoba ukampa Charles Mwera wa chama hichohicho. Mwaka 2010 akashinda Nyambari Nyangwine wa CCM. Mwaka 2015, jimbo lilipogawanywa, John Heche wa CHADEMA alichukua Tarime Vijijini. Mwaka 2020 Mwita Waitara wa CCM akatangazwa mshindi. Ndani ya miaka 15 kiti kilihama chama mara tatu. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kwanza wa hesabu hiyo alikuwa bado yuko shule mwaka wa mwisho. Kama kila mabadiliko yangemtoa uwanjani, asingemaliza hata msimu mmoja kwa amani.

Nayo majeraha ya uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025, ambao CHADEMA haikushiriki na ambao ulifuatiwa na vurugu na vifo katika nchi yetu, bado ni mabichi. Katika hali hiyo neno moja la kocha au la mzazi linaweza kuwasha moto.

Je, michezo haina siasa?

Wapo waliotuambia katika semina, "Michezo ni michezo, siasa ikae mbali." Ni maneno mazuri lakini si kweli. Viwanja vya CCM Kirumba cha Mwanza, Sheikh Amri Abeid cha Arusha na Sokoine cha Mbeya ni mali ya chama, urithi wa siku za chama kimoja. Watoto wanaocheza humo hawaulizwi kadi, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Tunajua pia jinsi mashindano ya "Kombe la Mbunge" yanavyochipuka kama uyoga mwaka wa uchaguzi unapokaribia. Na mtoto wa Kerende akivaa jezi ya Yanga, ya kijani na njano, wapo watakaomtania kwamba amejiunga na chama.

Wakubwa kati yetu wanamkumbuka Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Dunia nzima ilimsubiri yeye na John Walker kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana, kwa sababu Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo ile kupinga timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi. Walker akachukua dhahabu. Bayi alipata medali yake ya fedha mwaka 1980 mjini Moscow, katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Katika michezo hiyohiyo Suleiman Nyambui, mwana wa Mara hii yetu, alipata fedha katika mita 5000.

Wengi tunaamini kwamba sababu ya kususia ilikuwa ya haki. Lakini tujifunze mambo mawili. Kwanza, watu wazima wanapoamua siasa, anayelipa gharama mara nyingi ni mchezaji. Pili, uamuzi ule ulitangazwa hadharani na sababu yake ikaelezwa, na wachezaji wenyewe walikuwa watu wazima. Mtoto wa miaka 12 wa Kerende hana nafasi hiyo. Kwa Katiba yetu mpiga kura ni wa miaka 18. Tukimtumia kabla ya hapo, tunamtwisha mzigo ambao sheria yenyewe imeona hajafikia kuubeba.

Mambo manne ya kutofautisha

Kamati nyingi zinakosea kwa sababu zinaweka mambo yote katika kapu moja. Sisi tunayatenga hivi:

1. Kocha ana maoni yake. Amejiunga na chama, anahudhuria mikutano, anapiga kura, anasema kijiweni. Hii ni haki yake. Ibara ya 18 ya Katiba inalinda uhuru wa maoni, na ibara ya 20 inalinda uhuru wa kujiunga na wengine na kukataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Kumwondoa kocha kwa sababu hii ni kosa letu. Kama kocha ni mtumishi wa umma, yapo maadili ya utumishi yanayombana akiwa kazini, na hayo yashughulikiwe na mwajiri wake.

2. Kocha anawaambia watoto maoni yake. Hapa ni mahali pa mazungumzo. Mtoto akiuliza, "Mwalimu, mgodi ni mzuri au mbaya?" kocha anaweza kusema kwamba watu wanatofautiana na kumwelekeza akaulize nyumbani. Akisema wenye maoni tofauti wamenunuliwa, amemtukana mzazi mbele ya mwanawe. Mtoto anampenda kocha na anampenda baba. Asiwekwe mahali pa kuchagua.

3. Kocha anaitumia timu. Watoto wanapelekwa kwenye mkutano wa hadhara, wanaimbishwa nyimbo za kampeni, wanavishwa picha ya mgombea. Hapa pasiwe na mjadala: lisitishwe mara moja. Hata Sheria ya 4 ya kandanda inakataza vifaa vya mchezaji kuwa na maneno au picha za kisiasa, hivyo hata mwamuzi wa mchezo hataziruhusu.

4. Kocha anabagua, anaadhibu au anachochea. Anamweka mtoto benchi kwa sababu ya chama cha baba yake au ukoo wake, au anatoa maneno ya kuleta fujo. Huyu asimamishwe kwanza, uchunguzi ufuate, na ikibidi vyombo vya ulinzi wa mtoto vihusishwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto dhidi ya ubaguzi, na Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unatambua katika ibara ya 31 haki yake ya kucheza.

Kocha wa Kerende alikuwa katika jambo la pili. Baba alimshughulikia kana kwamba yuko katika la nne. Nusu ya kamati ilimtetea kana kwamba yuko katika la kwanza. Ndiyo maana kikao cha kwanza kilichukua saa nne na hakikuzaa kitu.

Kosa letu sisi

Katika kikao cha pili kocha alituuliza swali: "Jezi wanazovaa watoto zilitoka kwa nani?" Tukanyamaza. Miezi michache nyuma ofisi yetu ilikuwa imepokea jezi kutoka kwa mtu aliyekuwa akitafuta kugombea, na jina lake lilikuwa mgongoni. Tulizipokea kwa sababu bajeti ya vifaa ilikuwa imekwisha na watoto walikuwa wanacheza vifua wazi. Tulijiambia kwamba ni msaada tu. Kumbe tulikuwa tumeingia katika jambo la tatu kabla kocha hajafungua mdomo.

Tuliomba radhi mbele ya kikao, na tukaandika katika muhtasari. Majina yalifunikwa kwa vitambaa vilivyoshonwa na akina mama wa usharika. Tunawaeleza wafadhili wetu jambo hili waziwazi, maana halikuandikwa katika taarifa yetu ya robo ile na lilipaswa kuandikwa.

Hatua kwa mzazi

Kwanza, subiri hasira ishuke, kisha mwulize mtoto maswali bila kumhoji kama mshitakiwa. Maneno ya mtoto huwa yamepungua au kuongezeka njiani. Kocha wetu alikiri alitamka yale maneno, lakini alikuwa anamjibu mtoto aliyemuuliza wakiwa wanarudi nyumbani. Hakuwa amehutubia timu.

Pili, nenda kwa kocha mwenyewe, ninyi wawili, wala si kijiweni. Tumia maneno ya heshima: "Mwalimu, nakushukuru kwa kazi unayomfanyia mwanangu. Kuna neno amekuja nalo nyumbani limeniumiza, naomba tulizungumze." Anza na shukrani, kwa maana ni kweli anajitolea. Usianze na chama chake.

Tatu, omba jambo moja linalotekelezeka. Usimwombe abadili msimamo. Mwombe maneno fulani yasisemwe mbele ya watoto.

Nne, zungumza na mtoto. Mwambie, "Mimi na mwalimu wako hatukubaliani katika jambo hili, lakini mpira anaujua kunizidi, kwa hiyo uwanjani msikilize." Maneno hayo hayapunguzi heshima ya baba. Yanamfundisha mtoto kwamba mtu anaweza kumpinga mwenzake bila kumchukia. Somo hilo ni gumu kulipata kwingine.

Tano, ikishindikana, peleka kwa kamati. Kumwondoa mtoto kuwe hatua ya mwisho, na kabla ya kumwondoa jiulize: jioni atakuwa wapi?

Kazi ya kamati

Wakurya wana ritongo, baraza la jadi ambamo mashauri ya jamii husikilizwa hadharani, kila upande ukisema mpaka umalize. Tulichukua kutoka huko jambo moja: hakuna aliyekatizwa. Baba alisema kuhusu ada za watoto wanne, kocha akasema kuhusu shamba. Walipomaliza, mzee mmoja akasema kwamba tangu mgodi ufike hajawahi kuwaona watu wa pande hizo mbili wakisikilizana mpaka mwisho.

Makubaliano ya timu yaliyotokana na kikao yana mistari mitano tu, na kamati yoyote inaweza kuyatumia:
- Uwanjani na safarini hakuna kampeni, ya kocha, ya mzazi wala ya mgeni.
- Mtoto akiuliza siasa, ajibiwe kwa heshima na aelekezwe kwa wazazi wake.
- Vifaa havipokelewi vikiwa na jina au alama ya mgombea au chama.
- Nafasi ya kucheza hutolewa kwa mazoezi na nidhamu peke yake.
- Malalamiko huanza kwa kocha, kisha kamati, ndani ya siku saba.

Yasainiwe na kocha, wazazi na mwenyekiti wa kamati mwanzoni mwa msimu. Msingoje kampeni zianze.

Neno kwa wafadhili

Baadhi yenu mmetuuliza kama tunaweza kuhakikisha makocha wasiwe na siasa. Jibu letu ni hapana, na tusingependa iwe hivyo. Mtu anayejitolea kwa watoto wa kijiji chake mara nyingi ndiye huyohuyo anayejali maji, fidia na shule, na anayejali hayo hawezi kukosa msimamo. Hata Kanisa letu halikosi. Mwaka 2018 maaskofu wa KKKT walitoa Waraka wa Pasaka uliogusa mambo ya nchi, na ndani ya sharika zetu wapo walioushukuru na wapo walionung'unika. Wote waliendelea kukaa benchi moja.

Ombi letu kwenu ni moja: bajeti ya vifaa isipunguzwe mwaka wa uchaguzi. Timu isiyo na jezi ndiyo inayouzwa kwa urahisi.

Maswali ya majadiliano

1. Katika usharika wenu, kocha au mwalimu wa watoto yuko katika jambo lipi kati ya yale manne? Mna ushahidi gani?
2. Ni msaada gani mliopokea ambao ulikuwa na jina la mtu nyuma yake? Mlifanya nini?
3. Kama kocha angekuwa wa chama chako na maneno yake yangemuumiza jirani, ungelalamika?
4. Mtoto akiacha timu katika eneo lenu, jioni huenda wapi?

Hitimisho

Tungependa kuwaambia kwamba kila kitu kilikwisha vizuri. Mtoto yule alirudi uwanjani. Kocha alimwomba baba radhi kwa maneno aliyoyasema mbele ya mtoto, lakini hakuomba radhi kwa msimamo wake, na baba hakumtaka afanye hivyo. Mpaka leo hawakubaliani kuhusu mgodi. Siku ya mechi husalimiana, na baba ndiye anayebeba ndoo ya maji ya timu.

Wale watoto wengine wawili hawakurudi. Mmoja alihamia kwa ndugu zake ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti. Wa pili tunaambiwa bado anaonekana kwenye vifusi. Kamati imempangia mzee mmoja na kocha mwenyewe waende kwao pamoja. Tumeomba waende bila kadi na bila jezi, wamuulize tu kama bado anapenda mpira.